Skafu ya ebru ya Istanbul, nzuri ila inachuja

Jamani hii skafu ya hariri nliinunua Grand Bazaar, lile soko la Istanbul, kaduka ka ndani ndani huko, na kila nikiivaa lazima mtu aulize umeitoa wapi. Ni ebru, ile sanaa ya Waturuki ya kunyunyiza rangi juu ya maji mazito, wanachora maua ya tulipu kwa kitu kama sindano halafu kitambaa kinalazwa juu mara moja tu kinanyonya picha yote, kwa hiyo hamna mbili zinazofanana. Zamani ilikuwa ya karatasi, saivi ipo mpaka kwenye magauni. Shida sasa, nimeiloweka maji yakawa bluu tupu, na pindo linafumuka! Muuzaji aliapa haichuji, mxiuu. Ila na gauni jeusi bado inatoka balaa.