Uzoefu wangu: The Ballad of Wallis Island pale Hyde Park Picture House Leeds, tumecheka mpaka machozi

Jamani mlioko Uingereza, kama mnatafuta muvi ya kwenda kucheka bila kuumiza kichwa basi hii The Ballad of Wallis Island msiikose, mimi nimetoka pale roho nyeupeee. Ni komedi ya Waingereza wenyewe, imeingia kwenye majumba ya sinema ya huku tarehe 30 Mei 2025, haina bunduki, haina magari kupinduka, matusi ni machache, na daraja lake ni 12A yaani mtoto wa chini ya miaka 12 lazima aingie na mtu mzima. Haifiki hata masaa mawili, ni saa moja na dakika 40 hivi, kwa hiyo hata sisi wa shifti za usiku tunaimaliza macho yakiwa wazi.

Stori yenyewe sitaimaliza ila mwanzo wake ndo huu. Kuna msanii anaitwa Herb McGwyer, zamani alikua anaimba nyimbo za gitaa na mwenzake Nell Mortimer, kundi lao likiitwa McGwyer Mortimer, na walikua wapenzi pia, wakaja kuachana na kundi likafa hapohapo. Sasa Herb anahangaika na albamu yake mwenyewe, hela hamna, mara anaitwa kisiwani kupiga shoo moja tu kwa pauni laki tano. Pauni laki tano jamani! Anafika anakuta hakuna gati wala hoteli, anashuka kwenye kiboti anaishia majini na nguo zake zote, na anayempokea ni Charles, baba mmoja mpole aliyewahi kushinda bahati nasibu mara mbili, anaishi peke yake kwenye jumba kubwa na mdomo haufungi. Herb anauliza kwenye shoo watakuja watu wangapi, anajibiwa chini ya mia. Hapo ukumbi mzima tulishajua kinachokuja, tukaanza kucheka yeye mwenyewe hata hajashtuka. Halafu na Nell naye anatua kisiwani, kaja na mume wake, na Herb hakuna aliyemwambia.

Nilienda na wifi yangu, katoka Tanga kuja kututembelea, Kiingereza anakisikia ila kikiwa cha haraka kinampita, na nilikua na wasiwasi maana Charles ni mtu wa kuchezea maneno, kila sentensi kaificha kautani na zingine hata mimi niliekaa huku miaka nazidaka kwa kuchelewa. Wifi alicheka kuliko mimi! Kwa sababu kichekesho chenyewe hakipo kwenye maneno peke yake, kipo kwenye uso wa Herb anavyovumilia, kipo kwenye kusubiri, yaani kamera inatulia tu inakuangalizia mtu mmoja anatamani kulala na mwingine anatamani stori. Charles kila ukimya anaujaza maneno kama konda anavyojaza abiria kwenye daladala. Katikati ya muvi wifi akanisogelea akaninong'oneza, "Wifi, huyu baba ana muda hajapata mtu wa kuongea nae." Na ndo roho ya muvi yote hiyo, ameipata bila kuhitaji tafsiri yangu. Charles alifiwa na mke wake, Marie, na hizo nyimbo za McGwyer Mortimer ndo walikua wanazipenda wote wawili, sasa ukishalijua hilo kila utani wake unaupokea vingine kabisa, unacheka na huku kifua kinabana kidogo.

Tulipofika kwenye ile sehemu simu ya Herb imeloa na anahaha kutafuta mchele wa kuikaushia, wifi akashindwa kujizuia akasema kwa sauti, "Mgeni siku ya kwanza mpe mchele na panza!" Nikacheka mpaka bibi mmoja wa kizungu aliyekaa mbele yetu akageuka, akacheka na yeye bila kujua tunachocheka. Nimelipenda sana hilo. Waingereza kwenye basi kila mtu na dirisha lake, lakini ukiwaweka gizani na komedi yao wenyewe wanalegea, anaanza mmoja kule nyuma kwa chini chini, halafu wa pembeni, mwisho ukumbi wote. Ukiiangalia hii nyumbani peke yako kwenye simu utatabasamu tu, lile wimbi la kicheko hulipati, ndo maana nasema nendeni ukumbini.

Tukija kwa waigizaji, Charles kachezwa na Tim Key ambaye ni mshairi pia, Herb ni Tom Basden, na script wameandika hao hao wawili. Ni marafiki wa kitambo kwenye komedi na hii stori walishaifanya filamu fupi mwaka 2007 na dairekta huyu huyu James Griffiths, wakaja kuirudia ikiwa ndefu wakiwa watu wazima. Na inaonekana kabisa! Ile namna wanavyokatishana maneno hufundishwi mazoezini, ni ya watu waliozoeana. Wangeifanya ndefu wakiwa vijana nahisi ingekua vichekesho tu, sasa hivi nyuso zao zimeshakula chumvi na ule upweke unauamini. Walipiga picha Wales kwa siku 18 tu, na kisiwa chenyewe ni cha kutunga, hata msikitafute kwenye ramani. Nyimbo katunga Basden mwenyewe, na akiimba na Carey Mulligan ambaye ndo Nell, unaamini kweli hawa walikua kundi na mashabiki wao walilia lilipovunjika. Mulligan haonekani sana lakini akiingia tu hali ya hewa ya nyumba nzima inabadilika, anacheka na Charles kwa upole, kwa Herb hana muda wa kubembeleza. Sian Clifford nae kama muuza duka wa kisiwani anakuvunja mbavu kwa sura tu, dukani kwake kila unachoulizia hakipo na yeye haoni tatizo.

Kitu kimoja kimenikera, huyo mume wa Nell, Michael, kachezwa na Akemnji Ndifornyen, kaka yupo vizuri kabisa halafu wanamtuma akaangalie ndege huko anapotea kwenye stori muda mrefu. Nilitaka aonekane zaidi, kwa sababu yeye ndo mtu pekee pale asiye na kidonda cha zamani na maswali yake yangechekesha sana. Sijui kwa nini wameiacha nafasi hiyo.

Sasa ukumbi. Hyde Park Picture House ipo Brudenell Road, imefunguliwa mwaka 1914, na mpaka leo ndani kuna taa za gesi zinawaka kwa chini wakati muvi inaendelea, hazizimwi zote. Inasemekana enzi hizo waliziacha makusudi ili vijana wa viti vya nyuma wasijifanyie mambo yao gizani, wifi kusikia hivyo akasema hata babu zao walikua na wakuwaangalia hahaha. Walifunga kwa ukarabati wakafungua tena 2023, wameongeza ukumbi mdogo wa pili kule chini, ila ule mkubwa wa juu ndo wenye zile taa na roshani, muulize kabisa shoo yenu ipo upande gani kabla hamjakata tiketi. Mimi nimeshachoka na majumba makubwa ya kwenye moli, sitaji jina, unakaa matangazo ya magari na soda mpaka popkoni inaisha muvi hata haijaanza. Hapa tulikaa kwa amani, watu wana vikombe vyao vya chai, hakuna anayewasha simu. Kwa muvi ya sauti ndogo kama hii hicho ni kitu kikubwa, kuna sehemu Charles anasikiliza wimbo tu, haongei, na yeye hajawahi kunyamaza tangu muvi ianze, nikasikia watu wanavuta makamasi kila kona. Wifi alikua ananikaba mkono.

Kwa hiyo wadau nyota tano kutoka kwangu, ningepunguza nusu kwa ajili ya Michael lakini roho inakataa. Mwenye mgeni asiyezoea Kiingereza cha Waingereza angalieni shoo zenye maandishi chini ya skrini, majumba mengi huku wanazo siku maalum, kwenye ratiba wanaziwekea alama, ule utani wa Charles utaudaka wote. Watoto wadogo sana naona watachoka maana ni maongezi mwanzo mwisho, ila wa sekondari, mama, baba, wakwe, wote waende. Bebeni na tishu, mchana kunakua na wastaafu wengi na wao ndo wanaocheka vizuri kuliko wote, na koti muwe nalo, kale kajengo ni ka zamani na mvua ya Leeds mnaijua wenyewe.