Akaunti za gemu kwa nyumba yenye wachezaji wengi: ununue wapi ukiwa Mtwara au Lindi

Minada ya korosho ikianza Oktoba na malipo ya wakulima yakaanza kuingia, maswali ya gemu huongezeka kuanzia Masasi hadi Nachingwea. Swali karibu kila mara ni lile lile: nyumbani kuna mashine moja au mbili, wachezaji watatu au wanne, na mzazi hataki kulipia gemu moja mara tatu. Mwongozo huu ni wa watu hao. Nimepanga njia kuanzia ninayoiamini zaidi hadi ile ninayokuomba usiiguse kabisa.

Kabla ya kupanga, jambo moja ambalo sitalegeza: kila mchezaji awe na akaunti yake, yenye barua pepe yake, tangu siku ya kwanza. Nyumba nyingi hufanya kinyume. Wote wanaingia kwenye akaunti ya kaka mkubwa, mdogo anaanza mchezo mpya juu ya ligi ambayo kaka ameihangaikia mwezi mzima, na siku kaka anakwenda chuo Dar es Salaam gemu zote zinaondoka naye. Hakuna sababu ya kuishi hivyo. Maduka mengi makubwa ya gemu yana njia halali ya mmoja kununua na wengine kucheza kwa akaunti zao. Kinachotofautiana ni masharti.

Nafasi ya kwanza: Steam, kwa wenye kompyuta

Steam ni duka la gemu la mtandaoni la kampuni ya Valve ya Marekani, lipo tangu 2003. Septemba 2024 walifungua rasmi Steam Families, mpango unaokusanya watu hadi sita wa nyumba moja. Kila mtu anabaki na akaunti yake na maendeleo yake ndani ya gemu, lakini gemu alizonunua yeyote kati yenu zinaonekana kwa wote, isipokuwa chache ambazo watengenezaji wamezizuia. Dada anaweza kucheza gemu ya magari huku mdogo wake akicheza gemu ya kilimo kwenye kompyuta nyingine, kwa wakati mmoja. Kitu kisichowezekana ni wawili kucheza nakala moja kwa pamoja. Wakitaka kushindana kwenye gemu ile ile, kila mmoja na kompyuta yake, mnahitaji nakala mbili.

Kwa mzazi, uzuri mkubwa uko kwenye malipo. Akaunti ya mtoto inatuma ombi la gemu anayoitaka, ombi linafika kwa mzazi, na mzazi ndiye anayelipa. Mtoto hana haja ya kuziona namba za kadi. Mzazi anaweza pia kuweka muda wa kucheza na kuchagua gemu zipi mtoto azione. Bei ni za dola, na mimi napendelea kadi ya mtandaoni inayotolewa na huduma ya pesa za simu kuliko kadi ya benki inayopokea mshahara: unaweka kiasi cha gemu, unalipa, basi.

Sasa masharti, na hapa usome taratibu. Mtu mzima akitoka kwenye familia moja ya Steam, hawezi kuingia nyingine wala kuanzisha yake mpaka utimie mwaka mmoja tangu alipojiunga na ile ya kwanza. Nafasi aliyoiacha nayo ina muda wake wa kusubiri kabla ya kupokea mtu mwingine. Ndiyo maana nawashauri wanafunzi wanaokaa chumba kimoja pale chuo cha Stella Maris wasiungane. Mpango wenyewe ni wa watu wa nyumba moja, na muhula ukiisha kila mtu anakwenda kwao huku nafasi zimefungwa. Wala binamu aliyevuka Ruvuma kwenda kuishi Msumbiji hawezi kuwemo, kwa sababu akaunti zote zinatakiwa kuwa za nchi moja.

Sharti la pili ni zito zaidi. Mdogo wako akikamatwa anatumia programu ya udanganyifu kwenye gemu uliyoinunua wewe, na wewe mwenye gemu unafungiwa kwenye gemu hiyo. Umwambie hivyo kabla hujamkaribisha, kwa uwazi, kwa sababu vijana wengi wanaona mambo hayo ni utundu tu.

Kuhusu bando, Steam inatusaidia watu wa Kusini kuliko duka lolote. Gemu kubwa za leo zinavuka GB 50 bila shida, na anayezishusha kwa kifurushi cha simu huko Newala anajua maana yake. Tangu 2023 Steam inaruhusu kompyuta moja kunakili gemu kutoka kompyuta nyingine iliyo kwenye mtandao wa ndani ule ule. Ukishaishusha mara moja, washa kompyuta zote mbili, ziunganishe kwenye ruta moja, fungua Steam kote kote, halafu bonyeza kusakinisha kwenye ile ya pili. Faili zinapita ndani kwa ndani. Intaneti inatumika kidogo sana kwa ajili ya uthibitisho. Kama akaunti ni mbili tofauti, ingia kwenye mipangilio ya upakuaji uruhusu marafiki, maana mpangilio wa kawaida unaruhusu akaunti yako tu.

Gemu ikikushinda, unaomba kurudishiwa fedha ndani ya siku 14 ukiwa hujaicheza saa mbili. Muda wa kuishusha hauhesabiwi kwenye hizo saa mbili. Na mwishoni mwa Desemba huja punguzo kubwa la mwaka, wakati ambao fedha za korosho bado zipo mkononi. Weka gemu kwenye orodha yako mapema usubiri.

Nafasi ya pili: PlayStation yenye tundu la diski

PlayStation ni mashine ya gemu ya Sony; PS4 na PS5 ni matoleo yake ya nne na ya tano. Wengi watashangaa kuona diski juu ya gemu za kushusha. Sababu ni kwamba diski haiulizi ni akaunti ya nani. Yeyote mwenye akaunti kwenye mashine hiyo anaicheza, unaweza kumwazima jirani wa Chikongola, na ukiichoka unaiuza. Intaneti ilipoyumba nchi nzima Mei 2024 baada ya nyaya za baharini kukatika, mwenye diski ya gemu ya kucheza peke yake aliendelea kucheza. Ukienda kununua PS5, geuza boksi usome: ile iliyoandikwa Digital Edition haina tundu la diski. Kwa mazingira yetu, ongeza fedha uchukue yenye tundu. PS5 hiyo inasoma pia karibu diski zote za PS4, kwa hiyo za zamani hazipotei.

Nafasi ya tatu: PlayStation kwa gemu za kushusha

Kwa mashine moja nyumbani, utaratibu wa Sony ni mzuri. Akaunti ya mzazi inanunua, kisha kwenye PS4 unaiwasha kuwa PS4 kuu ya akaunti hiyo. Kwenye PS5 unawasha Console Sharing and Offline Play. Kuanzia hapo kila akaunti nyingine iliyomo kwenye mashine inacheza gemu za mzazi, hata mtandao usipokuwepo, na kama mzazi analipia PS Plus, yaani usajili wa Sony wa kucheza mtandaoni, wote wanacheza mtandaoni.

Nimeiweka nafasi ya tatu kwa sababu moja: Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi zinazohudumiwa na PlayStation Network, mtandao wa Sony wenye akaunti na duka lake. Akaunti inabidi isimame kwenye nchi nyingine, nchi hiyo haibadilishwi baadaye, na vocha unazonunua lazima ziwe za nchi hiyo hiyo. Vocha ya Marekani haiingii kwenye akaunti ya Afrika Kusini. Kwa hiyo watu wa nyumba moja wachague nchi moja. Marejesho nayo ni magumu: siku 14, lakini ukishaanza tu kuishusha gemu haki hiyo kwa kawaida imekwisha.

Xbox na Nintendo zina taratibu zake, ila huku Kusini mashine na mafundi wake ni wachache kiasi kwamba sioni sababu ya kukupeleka huko.

Nafasi ya nne: za bure na za simu

Kama nyumba yako inacheza mpira tu, eFootball ni ya bure, kwenye simu, kompyuta na PlayStation. Usinunue kitu, kila mtu afungue akaunti yake. Duka la Epic Games nalo hutoa gemu za bure kila wiki, ingawa halina utaratibu wa familia kugawana gemu. Kwenye simu, sarafu na almasi zinazonunuliwa ndani ya gemu ni za akaunti hiyo peke yake, haziazimishwi. Unganisha gemu na akaunti ya Google kabla simu haijaibwa au kuanguka majini kule feri, na uwashe uthibitisho wa nenosiri kwa kila ununuzi ikiwa mtoto anaishika.

Usiinunue: akaunti inayouzwa na mtu mkononi

“Kaka, akaunti ina gemu arobaini, bei poa.” Ujumbe kama huu unazunguka sana WhatsApp. Masharti ya maduka haya yanakataza kuuza akaunti, na mwenyewe wa kwanza akiwa na ushahidi wa manunuzi yake ya mwanzo anairudisha mikononi mwake hata kama umebadilisha nenosiri. Kwenye PlayStation muuzaji huyo huyo huwauzia watu kadhaa akaunti moja. Utacheza wiki mbili, kisha asubuhi moja utaona kufuli dogo juu ya picha ya kila gemu. Maana yake mashine nyingine imewekwa kuwa kuu. Fedha hiyo ingetosha diski mbili za mtumba zisizo na mgogoro.

Hatari hiyo hiyo imo kwenye PS4 ya mtumba. Kabla hujalipa, mwombe muuzaji aingie kwenye akaunti yake mbele yako, azime alama ya PS4 kuu, kisha mashine ifutwe yote kutoka sehemu ya Initialization. Akisema gemu zilizomo ni zawadi yako, mkumbushe kwamba gemu ni za akaunti, si za mashine. Ikishafutwa, unganisha kwa hotspot ya simu yako ufungue akaunti mpya pale pale dukani. Mashine iliyofungiwa na Sony kwa kuchezewa programu yake itakataa kuingia mtandaoni, na utaliona hilo fedha bado ikiwa mfukoni.

Ukifika nyumbani, washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye kila akaunti, na usitegemee ujumbe mfupi peke yake, maana laini isiyotumika hufungwa na namba ikapewa mtu mwingine. Programu ya Steam ya simu inabeba akaunti kadhaa, hivyo mzazi anaweza kushika za watoto wote. Itakupa msimbo wa kurejesha unaoanza na herufi R, na PlayStation itakupa misimbo kumi ya akiba. Iandike yote kwenye daftari, jina la mtoto pembeni ya kila mmoja, na daftari likae lilipo cheti cha kuzaliwa.