Niliomba faili langu la uhamiaji Marekani: uzoefu wangu kwa wanaojiandaa kuomba uraia

Ukiingia Marekani kama mkimbizi, kwa ndoa au kwa bahati nasibu ya viza, serikali inakufungulia faili. Linaitwa A-File, kwa sababu ya ile namba inayoanza na herufi A kwenye grini kadi yako. Wengi wetu namba tunaijua kwa kichwa, ila kilichomo ndani ya faili hatujawahi kukiona hata mara moja. Mimi nimeliomba langu na nimelisoma karatasi kwa karatasi. Nawaandikia hasa ndugu zangu Wakongomani tuliopitia kambi za Kigoma, kwa sababu nilichokikuta humo kingeweza kunivurugia mambo siku ya usaili wa uraia.

Kwanza mjue ukubwa wa kitu chenyewe. Mafaili haya yalianza kutunzwa mwaka 1944. Hayatupwi: linahifadhiwa mpaka itimie miaka 100 tangu mwenyewe azaliwe, kisha linahamishiwa Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, ambako vitukuu wanaweza kwenda kulisoma. Ndani yake mna kila fomu iliyowahi kupelekwa kwa jina lako, picha, alama za vidole, majibu ya usaili, barua, na maandishi ya maofisa. Na si mali ya ofisi moja. USCIS wanaotoa grini kadi na uraia, ICE wanaokamata na kufukuza watu, na CBP wa mipakani na viwanja vya ndege, wote watatu wanalitumia faili hilohilo. Karatasi uliyojaza ukiomba msaada inaweza kusomwa na ofisa anayetafuta sababu ya kukuondoa nchini. Kwa hiyo kujua kilichoandikwa ni ulinzi.

Haki ya kuliomba inatoka kwenye sheria mbili. Ya kwanza ni FOIA ya mwaka 1966, ambayo inamruhusu mtu yeyote, raia au mgeni, kuomba kumbukumbu za serikali kuu. Ya pili ni Sheria ya Faragha, Privacy Act, ambayo Rais Gerald Ford aliitia sahihi tarehe 31 Desemba 1974, Wamarekani wakiwa bado na uchungu wa Watergate, ile kashfa iliyomwondoa Rais Nixon madarakani. Hii ya pili inawalinda raia na wenye makazi ya kudumu tu, lakini inakupa kikubwa zaidi: si kusoma peke yake, bali pia kudai marekebisho, na kuuliza kumbukumbu zako wamepewa akina nani.

Kuomba kwenyewe ni rahisi kuliko nilivyotarajia. Unafungua akaunti kwenye mfumo wa FIRST wa USCIS mtandaoni. Unajaza jina lako pamoja na majina yote uliyowahi kuandikwa nayo (hapa sisi tusione aibu, kila karani alituandika alivyosikia), tarehe na mahali pa kuzaliwa, A-namba, na unathibitisha kwamba wewe ndiye mwenyewe, ukijua kusema uongo hapo ni kosa la jinai. Ukitaka karatasi za mtu mwingine aliye hai, mama au mke, lazima akuandikie ridhaa yake. Mimi sikulipa hata senti. Nasema hivyo kwa mkazo kwa sababu mjini kwetu wapo watu wanaotoza pesa kwa kazi hii, na mwenye simu anaweza kuifanya akiwa amekaa kitandani.

Kuna sehemu ya kueleza unataka nini. Ukitaja karatasi moja au mbili maalumu, ombi linaingia mstari wa kwanza, wa mambo mepesi. Ukitaka faili zima, kama mimi, unaingia mstari wa pili. Mstari wa tatu ni wa wale wenye kesi mbele ya jaji wa uhamiaji. Sheria inasema jibu litoke ndani ya siku 20 za kazi, na zinaweza kuongezwa 10 kukiwa na sababu zisizo za kawaida. Miaka ya nyuma mrundikano ulikuwa mkubwa mpaka watu wakaenda mahakamani, na mwaka 2020 mahakama ya shirikisho kule California, katika kesi ya Nightingale, iliamuru mafaili yaliyolundikana yashughulikiwe na muda wa kisheria uheshimiwe. Faida yake tunaiona sisi tunaoomba leo. Ukiwa tayari unapata ujumbe, unaingia kwenye akaunti, unapakua PDF.

Sasa niwaambie nilichokuta.

Karatasi za mwanzo zilikuwa za kambini. Kuna picha yangu nikiwa mtoto, nimesimama mbele ya turubai jeupe, shati limefungwa vifungo hadi shingoni kwa sababu mama alitaka tuonekane nadhifu. Chini yake jina langu, na chini ya jina: Januari 1. Mama naye Januari 1. Wadogo zangu wawili, Januari 1. Wakimbizi wote mnalijua hili: aliyefika bila cheti aliandikiwa siku ya kwanza ya mwaka, mambo yakaendelea. Mama anakumbuka vizuri kwamba nilizaliwa Machi. Hilo sikushangaa sana.

Kilichonishtua ni mahali pa baba. Sisi tulitengana na baba vitani, na mpaka leo hatuna habari zake. Kwenye karatasi za ukimbizi imeandikwa hivyohivyo, kwamba hajulikani alipo. Lakini kwenye fomu ya grini kadi, iliyojazwa mwaka mmoja baada ya sisi kufika Marekani, baba yangu ameandikwa marehemu. Fomu ile ilijazwa na mtu mmoja wa mjini aliyekuwa akiwasaidia wakimbizi kwa malipo. Mimi nilikuwa mdogo, mama ndiye aliyetia sahihi. Hakusomewa kwa Kiswahili, na hakuachiwa nakala.

Nilimpelekea mama simu nikamwonyesha sahihi yake. Nikamuuliza, "Mama, ulimwambia baba amefariki?"

Akaitazama kwa muda. "Hapana, mwanangu. Nilimwambia hatujui aliko. Ningesemaje amekufa na mimi sijaona kaburi?"

Fikirieni uzito wa neno hilo moja. Baba akipatikana kesho, na mimi nikiwa raia nikataka kumleta, ofisa atafungua faili akute familia yenyewe ilishaandika kwamba mtu huyo hayupo duniani. Ataanza kujiuliza huyu anayeletwa ni nani. Na hata kabla ya hapo, kwenye usaili wangu wa uraia, karatasi mbili zenye majibu mawili zinampa ofisa sababu ya kutilia shaka kila ninachosema. Makosa ya aina hii hayaonekani mpaka siku unayoulizwa, na siku hiyo huna muda wa kwenda kumuuliza mama.

Ndiyo maana nasema: omba faili kabla ya kujaza fomu ya uraia, N-400, si baada. Kuhusu tarehe ya kuzaliwa hili ni la lazima. Kanuni zao zinasema wazi kwamba ukishaapishwa kwa tarehe fulani uliyosema ni yako, cheti cha uraia hakirekebishwi eti kwa sababu baadaye umesema tarehe ile haikuwa ya kweli. Kosa la mchapaji wanarekebisha, lakini tarehe uliyoiapia mwenyewe wanaiacha ilivyo. Nawajua wazee ambao watastaafu kwa miaka ambayo si yao kwa sababu hawakuambiwa hili mapema.

Kurekebisha kunafanyika kwa kuandika ombi chini ya Sheria ya Faragha. Unaeleza karatasi ipi, sentensi ipi, iandikwe nini badala yake, na unaambatanisha ushahidi. Wanapaswa kukujulisha wamelipokea ndani ya siku 10 za kazi. Mimi ushahidi wangu kuhusu baba ulikuwa ndani ya faili lenyewe: karatasi za kambini zilizotangulia, pamoja na maelezo ya mama ya kiapo yaliyotafsiriwa na mtafsiri aliyetia sahihi. Na hapa kuna kifungu ambacho watu wengi hawakijui, nami nakipenda sana. Wakikataa kurekebisha, na ukikata rufaa wakakataa tena, una haki ya kuandika tamko fupi la kutokubaliana, na tamko hilo lazima liwekwe pamoja na karatasi unayoipinga. Kila atakayepewa karatasi ile baadaye anapewa na tamko lako. Maneno yao yanabaki, ila na yako yanasimama pembeni yake. Kwa mtu aliyeandikwa na wengine tangu utotoni, hicho si kitu kidogo.

Niseme na kuhusu sehemu zilizofichwa, kwa sababu hamtapata faili lote. Kila palipofichwa pana alama inayotaja kifungu cha FOIA. Mtakutana sana na b(6), yaani faragha ya mtu mwingine. B(7)(C), faragha kwenye kumbukumbu za vyombo vya sheria. B(7)(E), mbinu za uchunguzi. Na b(5), mashauriano ya ndani ya serikali. Jina la karani likifichwa sina neno. Lakini b(5) na b(7)(E) ni milango mipana mno, na kwa maoni yangu tathmini iliyoandikwa juu ya mtu mwenyewe, ambayo imeamua maisha yake, angestahili kuisoma. Karatasi nyingine hazifichwi bali zinapelekwa kwa wizara iliyoziandika ili ijibu yenyewe. Kumbukumbu za viza za Wizara ya Mambo ya Nje zina kinga yake ya kisheria, hivyo msishangae zikikosekana. Ukiona wamezidisha kuficha, una siku 90 za kukata rufaa, na kwenye Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ipo ofisi ya usuluhishi inayoitwa OGIS ambayo inasaidia bila malipo.

Linalonisumbua mimi kuliko hayo ya kufichwa ni upande wa pili: nani anapewa habari zetu. Sheria ya Faragha inaanza vizuri, inasema kumbukumbu yako isitolewe kwa yeyote bila ridhaa yako ya maandishi. Kisha inafuata orodha ya mambo 12 ambayo hayahitaji ridhaa, na moja kati ya hayo linaitwa matumizi ya kawaida. Kila wizara inatangaza matumizi hayo yenyewe kwenye gazeti la serikali, Federal Register, na orodha inaweza kuwa ndefu: polisi, mahakama, serikali za majimbo, hata serikali za kigeni. Tangazo la Septemba 2017 kuhusu mafaili haya ya A lilitaja wazi kwamba yanaweza kuwa na majina unayotumia kwenye mitandao ya kijamii. Na Aprili 2025 Wizara ya Fedha na Wizara ya Usalama wa Ndani, ambayo ndiyo yenye USCIS, ICE na CBP, zilitia saini makubaliano ya kupeana taarifa za walipa kodi kwa ajili ya msako wa uhamiaji, kesi zikafuata mahakamani. Watu waliambiwa miaka na miaka walipe kodi bila hofu, kwamba habari hizo hazitatoka. Mimi naona huko ni kuvunja ahadi, na nalisema bila kumung'unya.

Sheria hiyohiyo inazitaka ofisi ziweke hesabu ya nani wamepewa kumbukumbu, lini na kwa sababu gani, na unaweza kuiomba hesabu hiyo. Iombeni. Vyombo vya uchunguzi vinaruhusiwa kujitoa kwenye sharti hili, kwa hiyo huenda mkajibiwa nusu, lakini ombi lenyewe linabaki kwenye kumbukumbu.

Alama zangu: kwa urahisi wa kuomba, 5 kati ya 5. Kwa faida niliyopata, 5 pia, na ningetoa zaidi. Kwa uwazi kuhusu wanaopewa habari zetu, natoa 2, na hizo 2 ni za sheria ilivyoandikwa.

Wa kusubiri kidogo yupo: asiye na karatasi yoyote na hajawahi kujulikana na uhamiaji aongee kwanza na wakili, maana fomu ya kuomba faili inataka anwani. Aliyewahi kukamatwa na polisi, hata kama kesi ilifutwa, aombe pia historia yake FBI kwa alama za vidole. Ada ni dola 18. Safari zako za kuingia na kutoka unaweza kuziona kwenye tovuti ya I-94 ya CBP bila kusubiri mtu. Na mwenye kesi mbele ya jaji ajue kwamba faili la mahakama ni jingine kabisa, liko EOIR, ofisi inayosimamia mahakama za uhamiaji chini ya Wizara ya Sheria, linaombwa huko. Huku USCIS aambatanishe hati ya wito au notisi ya tarehe ya kusikilizwa, ili ombi lake liingizwe mstari wa tatu.