TAHADHARI: Kompyuta za kuzamia za "refabu" zinazouzwa Mtwara na Lindi

Wadau wa bahari kuanzia Msimbati na Mikindani hadi Lindi na Kilwa Masoko, someni hili kabla hamjatuma hela.

Kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya huku kusini akitangaza kompyuta za kuzamia (vifaa vinavyomwonyesha mzamiaji kina na muda anaoweza kukaa chini), za kuvaa mkononi na za konsoli inayoning'inia kwenye mpira wa mtungi, kwa shilingi laki tatu na nusu hadi laki tano. Anasema ni "refabu ya Dubai", yaani zimetumika zikakarabatiwa, zina garanti ya mwaka mzima na "sevisi ipo hapa hapa Mtwara". Picha ni nzuri, boksi lipo, kioo kinang'aa. Ndani ya boksi ni kifaa kilichochoka, kimefunguliwa na mtu asiye fundi kikafungwa tena. Jina hatulitaji kwa sababu laini na kurasa anabadilisha kila mara. Mtamtambua kwa kazi yake.

Anza na betri. Modeli nyingi anazouza zinakula CR2450, betri bapa ya litiamu ya volti 3, kipenyo milimita 24.5, unene milimita 5. Yeye anaweka CR2430, ambayo kipenyo ni kile kile lakini unene ni milimita 3 tu. Pengo la milimita 2 analijaza foili iliyokunjwa, ile karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara. Mezani kifaa kinawaka bila shida. Mtu akijirusha majini kutoka kwenye boti, au akiwasha taa ya skrini, foili inaachia kidogo, kompyuta inazima na kuwaka upya. Modeli nyingi za zamani zikiwaka upya namna hiyo zinafuta hesabu ya nitrojeni (gesi inayojikusanya mwilini ukiwa chini) iliyobaki mwilini tangu mbizi ya kwanza. Mbizi ya pili inakuhesabia kama mtu ambaye hajagusa maji siku hiyo, na muda inaokupa si wako.

Kwa hiyo afungue mfuniko wa betri mbele yako. Soma namba iliyochongwa juu ya betri na ulinganishe na iliyoandikwa kwenye kitabu cha modeli hiyo. Kutu ya kijani kwenye springi maana yake maji ya chumvi yameshaingia. Oringi, ile pete ya mpira inayozuia maji, iwe nyororo, isiwe na mkato wala unywele, na iwe na grisi ya silikoni kiasi cha kung'aa tu. Ukiona vaselini au grisi ya pikipiki, kataa, maana mafuta hayo huvimbisha baadhi ya mipira. Ukiona gundi au silikoni ya kuzibia vioo imepakwa kuzunguka mfuniko, usiendelee na mazungumzo.

Tatizo kubwa kuliko betri ni kihisi cha kina, na hili ndilo linalotutia hofu, kwa sababu halionekani. Nyuma au ubavuni mwa kompyuta kuna matundu madogo, na ndani yake kihisi cha mgandamizo kilichofunikwa utando mwembamba. Chumvi na mchanga vikiganda pale, dawa ni kuloweka kifaa kwenye maji ya uvuguvugu yasiyo na chumvi kwa saa kadhaa. Huyu bwana anachokoa kwa pini, au anapuliza kwa upepo wa kompresa. Utando ukiumia, kihisi hakifi siku hiyo. Kinaendelea kufanya kazi, kinatoa namba, namba zenyewe za uongo.

Atakuonyesha skrini inasoma 0.0 na kusema "si unaona, kihisi kizima". Hiyo haithibitishi chochote. Kompyuta ikiamka juu ya maji inachukua mgandamizo wa hewa wa wakati huo kuwa sifuri, kwa hiyo hata kihisi kibovu kitasoma 0.0 nchi kavu. Kosa linajitokeza kadiri unavyoshuka. Uko mita 25, kifaa kinasema 22. Kwa jedwali la PADI, shirika la mafunzo ya kuzamia, mbizi ya kwanza mita 22 inaruhusu dakika 37 bila kituo cha lazima wakati wa kupanda, na mita 25 inaruhusu dakika 29. Hapo umeshaongezewa dakika nane ambazo mwili wako haunazo, na skrini haijapiga hata mlio. Kina kikisomeka zaidi ya ukweli utapoteza muda tu. Kikisomeka pungufu utakaa chini kupita kiasi na unaweza kupooza.

Akikuletea ndoo ya maji kwa ajili ya "testi", ina faida moja. Oringi mbovu mara nyingi huvuja kwenye maji mafupi, kwa sababu chini zaidi mgandamizo wenyewe huibana kwenye nafasi yake. Iache ndooni usiku kucha, asubuhi tafuta ukungu chini ya kioo. Kuhusu kina, ndoo haisemi lolote.

Kina kinapimwa baharini hivi. Chagua siku za maji mafu, si za bamvua, na usubiri maji yasimame. Mtwara mkondo una nguvu na kamba ikilala vipimo vyote vinaharibika. Chukua kamba isiyovutika, iweke alama mita 10, 20 na 30, ifunge mfuko wa wavu wenye uzito wa madini ya risasi wa kilo 2 au zaidi. Ndani ya mfuko weka kompyuta unayotaka kununua pamoja na nyingine inayoaminika, kwa mfano ya kituo cha kuzamia. Zote mbili ziwe kwenye mpangilio wa maji ya chumvi. Moja ikiwa kwenye mpangilio wa maji yasiyo na chumvi itasoma karibu asilimia 3 zaidi, yaani mita 30 itakuwa karibu 31, na mtabishana bure. Shusha, kaa dakika tatu kila alama, pandisha taratibu, halafu fungua kumbukumbu ya mbizi kwenye zote mbili. Linganisha kina cha juu kabisa na mchoro wa mbizi. Tofauti ya sentimita chache ni ya kawaida. Tofauti ya nusu mita na kuendelea kwenye mita 20, sisi tusingeivaa. Tazama pia kama ile ya kununua inachelewa kurudi sifuri mfuko ukishafika juu: matundu yameziba.

Serial namba ni jambo la kusisitiza. Anazozikwangua kwa msasa ni nyingi, na kisingizio chake ni kwamba zimefutika kwa kutumika. Bila serial huwezi kujua kama kifaa kimo kwenye orodha ya vilivyoitwa kurudishwa na kiwanda, na hilo hutokea hata kwa kampuni kubwa: Februari 2003 Uwatec waliita kurudishwa kompyuta za Aladin Air X Nitrox za miaka ya 1990, kwa sababu programu yake ilikosea hesabu ya nitrojeni inayotoka mwilini wakati mzamiaji yuko juu kati ya mbizi na mbizi. Modeli kuukuu bado zinazunguka sokoni. Garanti ya kiwanda nayo kwa kawaida ni ya mnunuzi wa kwanza, aliyenunua kwa wakala anayetambuliwa. Kadi tupu isiyo na muhuri wala tarehe ni karatasi.

Sasa "sevisi". Hapa ndipo watu wanaliwa mara ya pili. Mteja akilalamika, jibu ni tamu: "Lete kaka, tunaipeleka Dar kwenye mashine ya presha." Anachukua hela ya kupima na ya parseli. Baada ya wiki mbili kifaa kinarudi na stika mpya, ugonjwa ni ule ule, na kama kilikuwa na transmita ya mtungi (inayorushia kompyuta kiasi cha hewa kilichobaki), transmita haipo. Ukiuliza, "hukuileta". Wengine wamerudishiwa kasha lao likiwa na mashine ya mtu mwingine ndani, kumbukumbu za mbizi si zao.

Kipimo halali cha presha kinaacha karatasi. Kompyuta inawekwa kwenye chemba ndogo ya maji, inapandishwa hatua kwa hatua (mita 30 za bahari ni takriban baa 3 juu ya hewa ya kawaida), na fundi anaandika kina halisi, kina kilichosomwa, tofauti, serial na tarehe. Hakuna karatasi, hakuna kipimo kilichofanyika. Na fundi yeyote, hata mwaminifu, usimkabidhi kifaa kabla ya kupiga picha ya serial, skrini ya historia yenye jumla ya mbizi, na vifaa vyote vilivyoambatana nacho. Mwandikishe amepokea nini.

Kama tayari unayo, acha kuivaa kama kifaa pekee. Beba jedwali, saa na geji ya kina. Kompyuta ikizima chini, mbizi imekwisha: panda kwa kasi isiyozidi mita 9 kwa dakika, simama mita 5 kwa dakika tatu hadi tano, na usizame tena kwa saa 24. Ukipata ganzi, maumivu ya viungo, kizunguzungu au uchovu usioeleweka baada ya kutoka majini, vuta oksijeni ya asilimia 100 na uende hospitali mara moja. Usisubiri kesho, maana ikibidi kukimbizwa Dar, kutoka Mtwara ni zaidi ya kilomita 500 za barabara.

Kuhusu malipo. Yeye hutaka hela yote kwanza kwa simu, halafu mzigo uje kwa basi. Kataa. Anayeuza kitu kizima hakosi kukubali ulipe baada ya kukiona. Ikibidi kupokea kwa basi, fungua boksi pale pale kwenye dirisha la parseli ukirekodi video, kuanzia gundi ya boksi haijakatwa hadi serial kuonekana. Dai risiti ya EFD; kama hana, andikeni mkataba wa ukurasa mmoja wenye modeli, serial, hali ya kifaa na siku za kurudisha, shahidi awepo.

Uliyekwisha kutapeliwa, usifute meseji. Hifadhi mazungumzo yote, ujumbe wa muamala na jina lililotokea wakati wa kutuma pesa, kwa sababu jina hilo ndilo la usajili wa laini. Nenda polisi upate RB (namba ya taarifa yako), peleka malalamiko FCC, Tume ya Ushindani, kwa udanganyifu wa bidhaa, na uripoti namba yake ya simu kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli. Kifaa chenyewe usimrudishie bila hela mkononi, hata akikuahidi kukubadilishia. Ndicho ushahidi wako.