Juisi ya alovera ya dukani: waulize kwanza utomvu umeenda wapi

Chupa ya lita moja ya juisi ya alovera, kutoka duka la dawa za mitishamba pale Kikuubo, Kampala. Nimekasirika, na bei haihusiki.

Swali langu kwa muuzaji lilikuwa moja: utomvu wa njano mmeutoa, au mmesaga jani lote? Akanijibu mbele ya wateja: “Nyabo, hii ni mitishamba, haina madhara. Kama huna imani weka chini, usiwazibie wagonjwa njia.” Anauza kitu cha kuingia tumboni mwa watu, hajui kilichomo, na anayeuliza anafukuzwa! Utomvu ndio habari yote ya alovera.

Kata jani bichi uone. Katikati mna ute angavu, karibu wote maji, usio na ladha kubwa. Chini tu ya ganda la kijani hutoka utomvu wa njano, mchungu ajabu, ambao ukikaa kwenye sahani hugeuka kahawia. Humo mna aloini. Bakteria wa utumbo mpana huigeuza kuwa kemikali inayouchokoza utumbo: unajikaza, maji hayafyonzwi, na baada ya saa 6 hadi 12 mtu anaharisha huku tumbo likimnyonga. Wauzaji wanaita hali hiyo kusafisha mwili. Husafishwi chochote. Yanayotoka ni maji pamoja na potasiamu, ambayo moyo na misuli vinaitegemea.

Juisi ya chupa hii ina rangi ya kahawia hafifu, machicha yametuama chini, na kijiko kimoja tu kinakukunja uso. Ute safi hauna uchungu huo. Viwanda makini, hata vikisaga jani zima, hupitisha maji yake kwenye mkaa maalumu unaonasa aloini, na kiwango kinachokubalika katika biashara hiyo kwa vitu vya kunywa ni chini ya sehemu 10 kwa milioni. Kwenye karatasi ya chupa hii aloini haikutajwa kabisa, wala sikuona nambari ya usajili ya NDA, mamlaka ya dawa ya Uganda. Kilichojaa ni ahadi: kisukari, presha, vidonda vya tumbo, uvimbe wa kizazi. Nusu kikombe asubuhi na jioni, miezi mitatu.

Miezi mitatu! Mgonjwa wa presha anayemeza vidonge vya kukojoza kama furosemide tayari anapoteza potasiamu. Mharishe kila siku, na kama anatumia digoksini ya moyo, mapigo yanaweza kuvurugika. Wa kisukari anayetumia glibenclamide, kidonge cha kushusha sukari, anaweza kushuka sukari hadi azimie, kwa kuwa alovera nayo huenda ikaishusha. Mjamzito asiuguse utomvu huu kabisa, kwa kuwa msukosuko wa utumbo unaweza kuamsha na mji wa mimba. Tangu mwaka 2002 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, haiitambui tena shubiri, yaani utomvu huu wa alovera, kuwa salama na yenye kufaa katika dawa za kulainisha choo zinazouzwa bila cheti cha daktari, maana watengenezaji hawakuleta ushahidi wa usalama. Panya walionyweshwa maji ya jani zima lisilochujwa kwa miaka 2 waliota uvimbe kwenye utumbo mpana, na IARC, taasisi ya saratani ya WHO, ikaliweka jani hilo katika kundi la 2B, yaani huenda linasababisha saratani kwa binadamu. Panya si mtu, nakubali, na dozi zao zilikuwa kubwa. Lakini muuzaji wangu hajui hata dozi yake mwenyewe.

Nisiuonee mmea wenyewe. Zipo tafiti ndogo zilizoona sukari ya kabla ya kula ikipungua kiasi kwa waliotumia alovera. Ni za kutia moyo, lakini si sababu ya kuacha vidonge vya kisukari kama metformin. Na kwenye ngozi nauamini: moto mdogo uliounguza juu juu hupona mapema kidogo ukipakwa ute. Hata jeli ya tyubu niliyochukua katika duka hilohilo ni nzuri, haiwashi, inapoza. Kwa hiyo nilitaka kuwapa nyota mbili. Nikisoma tena ile “miezi mitatu”, hapana. Moja, na ni ya tyubu.

Mwenye kigaji, yaani mmea wa alovera, uani hahitaji chupa hiyo. Chukua jani nene la nje, la chini, kwenye mmea uliokomaa. Likate karibu na shina, ulisimamishe ndani ya kikombe, upande uliokatwa ukiwa chini, dakika 15 au zaidi hadi njano iache kutiririka. Lioshe. Ondoa miiba ya pande zote mbili, kisha menya ganda kwa kina kidogo. Ukimenya juu juu unaacha ule utando wa njano, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Suuza ute mpaka usiwe na utelezi wa njano wala kipande cha kijani. Paka kwanza kidogo ndani ya mkono na usubiri siku nzima, kwa kuwa wapo wanaovimba na kuwashwa, hasa wenye mzio wa vitunguu. Unaobaki uweke kwenye friji ndani ya chombo kilichofunikwa. Ukigeuka rangi au ukinuka, mwaga.

Aliyeungua apozwe kwanza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, ndipo ute upakwe, tena kwenye ngozi isiyochanika. Kidonda kirefu au mshono wa upasuaji usipakwe. Kuna utafiti ulioona mishono ikichelewa kupona. Moto wa usoni, au ulioenea kuliko kiganja cha aliyeungua, ni wa hospitali.

Na kama umeshaanza kuinywa juisi ya namna hii, ukaona unaharisha, miguu inalegea, moyo unadunda vibaya au mkojo umekuwa mwekundu, acha leo hii. Nenda kituo cha afya, ubebe chupa na vidonge vyako vyote, na umwambie daktari ni kiasi gani ulikuwa unakunywa.