Deki ya DVD yenye tundu la USB: faili gani zinacheza, gani zinagoma

Deki nyingi za bei nafuu zinazouzwa hapa Lamu, kuanzia Usita wa Mui hadi Langoni, zimeandikwa DVD, DivX, MP3 na USB kwenye boksi. Ninayotumia ni ya kundi hilo. Kwenye diski sina neno nayo: inasoma hata zilizokwaruzika. Kwenye flashi, boksi halisemi uongo, ila linaacha mengi.

Tatizo la kawaida ni video ya harusi. Mpiga picha anakupa flashi, kompyuta inaicheza bila shida, ukiichomeka kwenye deki inakataa. Deki haijafa. Chipu yake inajua kodeki (njia za kubana na kufungua video) chache: MPEG-1, MPEG-2 ambayo ndiyo ya DVD zenyewe, na MPEG-4 ya zamani, ile ya DivX na Xvid. Basi. Simu na kamera za leo zinarekodi H.264, iliyotoka 2003, au H.265 ya 2013, na hata video za WhatsApp ni H.264. Kazi ya kufungua picha inafanywa na sakiti za chipu yenyewe, kwa hiyo usingoje apdeti ya kuitibu. Kubadilisha jina kutoka .mp4 kuwa .avi nako ni kujisumbua bure: AVI ni mfuko tu wa kubebea picha na sauti, na kilichomo hakibadiliki kwa kuandika jina jingine juu yake.

Jinsi deki inavyogoma inakuonyesha tatizo liko wapi. Faili isipoonekana kabisa kwenye orodha, mfuko ndio haujulikani (MKV au MP4). Ukisikia sauti bila picha, mfuko umepita, kodeki ya picha imekwama. Picha bila sauti, mara nyingi sauti ni AAC au DTS. Deki inataka MP3 au AC3. Picha ikikatika vipande na kuacha mikia kila kitu kinaposogea, faili ni Xvid kweli lakini iliwashwa GMC au QPEL (mbinu za ziada za kubana picha) wakati wa kutengenezwa, na chipu hizi haziziwezi. Na ikiwa picha imezidi 720×576, deki itakuambia haikubali ukubwa huo, hata kodeki ikiwa sahihi.

Dawa ni kugeuza faili kwenye kompyuta. HandBrake, programu ya kugeuza video ambayo wengi huikimbilia, haifai hapa: iliacha AVI na Xvid tangu 2009. Mimi natumia ffmpeg, programu inayoendeshwa kwa kuandika amri, kwa amri hii moja:

ffmpeg -i harusi.mp4 -vf scale=720:400 -r 25 -c:v mpeg4 -vtag xvid -b:v 1200k -c:a libmp3lame -b:a 128k -ar 48000 -ac 2 harusi.avi

Usiache "-vtag xvid". Bila hiyo ffmpeg inaipa faili alama ya FMP4, na deki nyingi zinaisukuma nje kabla hata ya kuitazama. Nimechagua 720 kwa 400 kwa sababu namba zote mbili zinagawanyika kwa 16 na umbo linakaribia sana 16:9. Sauti iache kwenye 128k isiyobadilika. MP3 ya kasi inayopanda na kushuka ndani ya AVI huifanya midomo na maneno yapishane. Dakika 90 zinakula takriban MB 900. Video ya simu iliyoshikwa wima, weka "scale=-2:400,pad=720:400:-1:-1" mahali pa scale ile, la sivyo bibi harusi atapanuka kama jahazi lililofungua tanga.

Flashi nayo ina masharti yake. Lazima mpangilio wake wa kuhifadhi faili uwe FAT32. Zile za GB 64 na kuendelea kwa kawaida huja na exFAT, na deki inazichukulia kama tundu tupu. Nunua ya GB 32 au chini yake, uifomati FAT32. Kumbuka FAT32 haipokei faili moja inayofika GB 4. Hard disk ya nje usiihesabu: tundu linatoa miliampea 500 hivi, utasikia inagonga-gonga tu bila kuwaka.

Kwa wanaoletewa DVD na jamaa walioko Uarabuni: DVD hufungwa kwa maeneo ya dunia yenye namba; kule ni eneo la 2, Kenya ni eneo la 5, kwa hiyo diski halali ya kule inaweza kukataliwa na deki iliyofungwa kwenye eneo la 5. Za India hazisumbui, nazo ni eneo la 5. Uliza dukani kama deki ni ya maeneo yote.

Kabla ya kulipa, nenda dukani na flashi ya FAT32 yenye faili nne fupi: moja ya MPG, AVI ya Xvid yenye MP3, AVI ya Xvid yenye AC3, na MP4 kutoka simuni. Tatu za mwanzo zikicheza, deki ni nzima. Ya nne ikicheza pia, ichukue hiyohiyo iliyo mezani, usikubali kuletewa nyingine ya boksi kama lile kutoka stoo, maana boksi moja linaweza kubeba chipu tofauti. Ikiwa TV yako tayari ina tundu la USB, jaribu flashi huko kwanza. Nyingi za miaka ya karibuni zinacheza H.264, na huenda deki ukaihitaji kwa diski tu.