VPS ya Ubuntu kwa mfumo wa duka: usafi wa sesheni naupa nyota 4

Wadau wa Mtwara na Lindi mnaoendesha mifumo ya maduka na lodge, nawapa maoni yangu baada ya kuhamisha mfumo kutoka hostingi ya kushea (seva moja mnaitumia wengi) kwenda VPS (seva ya kukodi unayoisimamia mwenyewe) yenye Ubuntu, mfumo endeshi wa Linux, na PHP, lugha iliyoandikiwa mfumo wetu. Spidi na bei wengi mnauliza wenyewe, mimi nitakaa zaidi kwenye kitu kimoja ambacho sijawahi kusikia mtu anakiuliza kabla ya kulipia: mafaili ya sesheni, yani kumbukumbu za muda za kila anayefungua tovuti, nani anayafagia, na anayafagia saa ngapi.

Mfumo wenyewe ni wa duka la pembejeo Masasi, wakulima na mawakala wanaagiza salfa na dawa nyingine za mikorosho kwa simu. Miezi mingine uko kimya tu, ikifika Juni watu wakianza kupuliza ndo unaona moto. Kila anayefungua ukurasa wa oda PHP inamtengenezea kafaili kadogo, jina lake linaanza na sess_, humo ndo inakumbuka huyu kalogini kama nani na kaweka mifuko mingapi kwenye oda. Akiondoka bila kubonyeza kutoka kafaili kanabaki, kama mgeni wa lodge aliyeondoka na ufunguo, chumba bado kinahesabika kina mtu. Na sio watu tu jamani, yale maroboti yanayozunguka mtandaoni mengi hayatunzi kuki, ile alama ya kumtambua mtu akirudi, kwa hiyo kila ukurasa yanaoufungua ni sesheni mpya na faili jipya.

Hosti wa zamani simtaji. Pale kwake folda la sesheni lilikuwa limegawanywa kwenye vijifolda vingi, na PHP kwa mpangilio huo haifagii kabisa, inamwachia aliyeseti aandike skripti yake mwenyewe, na skripti haikuwepo. Matokeo yake tovuti ikagoma katikati ya msimu, inasema nafasi imeisha wakati paneli inaonyesha giga kibao ziko wazi! Sapoti wakashauri tuongeze diski. Ila tatizo halikuwa ukubwa, lilikuwa idadi, maana kila faili hata liwe tupu linakula inodi moja, yani mstari mmoja kwenye daftari la mafaili la diski, na inodi zina kikomo chake. Ukiwa na seva yako andika df -i utaona zilizobaki. Na folda likishajaa hivyo hata amri ya kufuta, rm sess_*, inakataa, inalalamika orodha ni ndefu mno, inabidi utumie find, amri ya kutafuta mafaili.

Sasa Ubuntu. Hapa nawasifia kwa moyo wote waliotengeneza hizi paketi, kazi ilianzia Debian, mfumo ambao Ubuntu imetokana nao, na Ubuntu wameirithi. PHP ilivyo kiasili usafi wake ni bahati nasibu, 1 kwa 100, kila sesheni inapoanza inarusha kete, ikiangukia kwako ndo wewe mteja unasubiri folda lifagiwe. Kwenye Debian na Ubuntu hiyo kete imezimwa, imewekwa 0, na kazi kapewa taima ya sistemu inayoamka dakika ya 09 na ya 39 ya kila saa, mteja awepo asiwepo. Inasoma php.ini, faili la mipangilio ya PHP, kujua sesheni inaruhusiwa kuishi muda gani, halafu kabla ya kufuta inaangalia mafaili ambayo PHP bado imeyashika na kuyapa muda mpya ili mtu aliye katikati ya oda asitupwe nje. Folda lenyewe limefungwa, programu ya tovuti inaweza kuandika humo ila haiwezi kuorodhesha yaliyomo, kwa hiyo mtu akidukua tovuti hapati kirahisi orodha ya sesheni za wenzako. Aisee hapo ndo niliona hela yangu imefanya kazi.

Ila angalieni. Muda wa kawaida ni sekunde 1440, yani dakika 24. Kwa mkulima aliyeko kijijini Nanyumbu, mtandao umekata akiwa anajaza oda, akarudi nusu saa baadaye, kila kitu kinaweza kuwa kimefutika. Sisi tumeweka 7200, masaa 2, na tumeiweka kwenye php.ini ya fpm (sehemu ya PHP inayohudumia tovuti) sio kwenye kodi, maana ukibadilisha kwa ini_set ndani ya kodi mfagiaji hana habari, anaendelea kukata kwa muda ule wa zamani. Hivyohivyo ukihamisha folda la sesheni kwa ini_set, halioni wala haligusi, litajaa taratibu. Wanaotumia Laravel (fremuweki ya PHP) na kuweka sesheni kwenye mafaili nao wajue ina folda lake na bahati nasibu yake, 2 kwa 100.

Ankara za PDF za muda hazimo kwenye huo usafi, hizo tumewekea kroni yetu, yani kazi inayojiendesha kwa ratiba. Find yenye -mtime +7 inashika yaliyotimiza siku 8 kwenda mbele, sio 7. Anza na -print uone orodha, ukiridhika ndo uweke -delete, tena iwe mwisho kabisa wa amri, ukiitanguliza inafuta folda zima bila kuangalia siku. Na saa: VPS yetu imekuja na UTC, saa ya kimataifa, sisi tuko mbele masaa 3, kwa hiyo saa nane usiku ya Mtwara kule ni 23:00. Ukiandika 2 kwenye saa ya kroni itakimbia saa kumi na moja alfajiri, na mawakala wa Masasi muda huo washaamka.

Nyota moja nimeikata kwa sababu usafi ukigoma hakuna anayekuambia, mpaka uende mwenyewe na systemctl list-timers ukaangalie phpsessionclean, ile taima ya usafi, ilikimbia lini mara ya mwisho. Sisi tunaangalia kila Mei, kabla salfa haijaanza kutoka.